Mafuta kwenye nyuzi za besi: matone mawili, na kitambaa kwanza

Pitisha ukucha wa dole gumba taratibu upande wa chini wa uzi wa E, ule mnene kuliko yote kwenye gitaa la besi la nyuzi nne, kuanzia freti ya 12 kurudi hadi ya 7 (freti ni vile vipande vya chuma vilivyopachikwa shingoni). Ukitoka na utando mweusi, usitafute mafuta bado. Wapiga besi wengi husema nyuzi zao zimekauka, kumbe zimejaa: ngozi iliyokufa, jasho na vumbi vimeshindiliwa kwenye mifereji midogo kati ya mzunguko mmoja wa waya na mwingine. Ukipaka mafuta juu ya uchafu huo, vidole vitateleza vizuri kwa nusu saa, kisha mafuta na uchafu vinakuwa uji mzito na uzi unaanza kutoa sauti butu kama kamba.

Nyuzi zinazozungumziwa hapa ni za raundi, zile ambazo kiini chake cha chuma kimezungushiwa waya wa mviringo, wa chuma cha pua au wa chuma kilichopakwa nikeli. Za chuma cha pua ndizo zinazokwaruza vidole zaidi. Kidole kikiburuzwa juu yake hugonga kingo za waya moja baada ya nyingine, na huo ndio mluzi unaosikika hadi kwenye spika. Unyevu kidogo wa jasho huongeza tatizo, kwa sababu ngozi yenye unyevunyevu hung'ang'ania chuma kuliko ngozi kavu. Utando mwembamba wa mafuta hutenganisha ngozi na waya, na pia huchelewesha chumvi ya jasho kuanza kula chuma. Kwa anayepiga Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako hata hewa ina chumvi, faida hii ya pili ni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Gharama yake ni mlio. Mafuta yanayobaki kwenye mifereji hupunguza mtetemo wa juu, yaani ule mng'ao wa nyuzi mpya. Anayepiga rumba au nyimbo za injili kwa vidole huenda asiuone upungufu huo. Anayechapa nyuzi kwa dole gumba na kuzivuta kwa kidole cha shahada atauona mara moja, na kidole kinachovuta kitamponyoka. Huyo tunamshauri aishie kwenye kitambaa kikavu.

Bidhaa inayojulikana sana ni Fast-Fret ya kampuni ya GHS, kijiti chenye pedi iliyolowa mafuta meupe ya madini. Finger-Ease ni ya kupuliza. Ukiwa nayo, pulizia kitambaa, usipulizie besi, maana ukungu wake hutua kwenye pikapu (sumaku zilizo chini ya nyuzi zinazonasa sauti), kwenye vitufe vya sauti na kwenye vanishi. Lakini mafuta meupe ya madini hayahitaji kuwa na jina la kampuni ya gitaa. Famasi huyauza kama likwidi parafini, na mafuta mengi ya watoto yasiyo na rangi ni hayohayo yaliyotiwa manukato. Ukienda kununua, taja kuwa unataka ya famasi, kwa sababu kwa watu wengi, hasa Kenya, parafini ni mafuta ya taa. Hayo hukausha ngozi ya vidole na harufu yake haitoki.

Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Ya alizeti hunata kadiri hewa inavyoyapata. Ya nazi huganda joto likishuka chini ya sentigredi 24 hivi, kwa hiyo yanayoteleza Dar es Salaam mchana yatakuwa mgando asubuhi ya Arusha. Dawa ya kung'arisha dashibodi ya gari ndiyo mbaya kupita zote. Silikoni yake hujipenyeza kwenye mbao, na siku fundi akitaka kupaka vanishi upya, vanishi itakataa kushika na kufanya vishimo.

Upakaji wenyewe hauchukui dakika tano. Nawa mikono, uikaushe. Chukua kipande cha fulana kuukuu ya pamba, kipitishe chini ya uzi, ukibane pande zote mbili na ukivute kutoka darajani, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, hadi kichwani mwa gitaa, mara tano au sita kwa kila uzi. Upande wa chini, unaogusa freti, ndio wenye uchafu mwingi na ndio unaosahaulika. Kitambaa kikiacha kutoa weusi, chukua kingine safi, weka matone mawili kwa nyuzi nne (matatu kama besi yako ina tano), kisha kisugue chenyewe kwa chenyewe hadi kisionekane kimelowa. Kipitishe mara moja tu kwa kila uzi, kuanzia freti ya kwanza hadi ya mwisho. Sehemu ya kupigia, juu ya pikapu, iache kavu ili mkono wa kulia uendelee kushika uzi sawasawa. Subiri dakika mbili, halafu futa tena kwa kitambaa kikavu.

Kujua kama umezidisha, bonyeza uzi kwa kidole kisha gusa kioo cha simu. Ukiona doa la mafuta, rudia kufuta. Mafuta yaliyozidi hushuka kwenye ubao wa shingo na kukusanya vumbi kando ya freti. Ubao wa rozwudi au mpingo hauathiriki na kiasi kidogo, lakini wa mepo, mbao nyeupe, usio na vanishi hubaki na madoa meusi ambayo hayafutiki.

Kama kitambaa hakiwezi kutoa uchafu, zifungue nyuzi, zikunje duara pana na uzitumbukize kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, iliyojaa spiriti, kwa saa 24, mbali na jiko na sigara. Zitoe, zifute, ziache zikauke kabisa, ndipo uzifunge. Mng'ao mwingi hurudi. Usifanye hivi mara kwa mara kwa seti moja, kwani kila uzi unapofunguliwa na kufungwa upya, pale ulipojikunja kwenye kikazio, kile cha kichwani kinachokaza uzi, huchoka na mwisho hukatika. Na spiriti isiguse vanishi.

Nyuzi za flati, ambazo utepe wake wa juu ni bapa, hazihitaji mafuta, na hali kadhalika zilizofunikwa kwa nailoni na zile za kampuni ya Elixir zenye utando wake wa kiwandani. Hizo zifute tu kila ukimaliza kupiga.

Mluzi ukibaki hata baada ya haya yote, tazama mkono wa kushoto: inua kidole nusu milimita kabla ya kukihamisha badala ya kukiburuza. Na kama unapokaza uzi unasikia mlio wa "tik" kisha sauti inaruka, uzi umekwama kwenye mfereji ule wa kichwani kabla ya freti ya kwanza. Hapo mafuta hayafai. Legeza uzi, uutoe mferejini, sugua ndani kwa ncha ya penseli laini, 2B au zaidi, kisha urudishe.