Laptopu ya zamani kuwa seva ya filamu nyumbani

Ndugu, umeuliza kama laptopu yako ya zamani yenye RAM ya GB 4 itafaa kuwa seva ya filamu, yaani kompyuta inayohifadhi filamu na kuzirusha kwa TV ya sebuleni. Itafaa kabisa, na betri yake, kama bado inashika chaji, ni faida kubwa: umeme ukikatika, mashine haizimiki ghafla katikati ya kuandika data. Weka Debian (mfumo endeshi wa Linux), kisha Jellyfin, programu ya kurusha filamu, ambayo ni ya bure. Kinachochosha prosesa ni kubadilisha video kutoka muundo mmoja hadi mwingine wakati mnatazama, kwa hiyo hifadhi filamu katika H.264, muundo wa video ambao TV nyingi huusoma moja kwa moja. Usifungue poti za ruta (milango ya kuingilia mtandao wa nyumbani) kwa intaneti nzima, tumia WireGuard, yaani VPN inayokuunganisha na nyumbani kwa usalama, ukiwa safarini. Na tafadhali, ukiweka humo picha za familia pia, zisikae kwenye diski moja tu. Nunua ya pili kabla ya kitu kingine chochote.