Gunia moja, wateja wawili: hifadhidata na fremuweki ya duka la mtandaoni

Chukua gunia moja la mchele wa Kyela lililobaki stoo, Mwanjelwa jijini Mbeya. Saa tatu usiku mteja wa Iringa na mwingine wa Dar es Salaam wanabonyeza "Nunua" kwa wakati mmoja. Duka lililojengwa ovyo litawauzia wote wawili na kupokea pesa za wote wawili, na asubuhi muuzaji ataamkia kupiga simu za kuomba radhi. Ukitaka kujua hifadhidata ipi inakufaa, anzia hapo. Mambo ya kasi na umaarufu yafuate baadaye.

Kosa lenyewe hutokea hivi: programu inasoma stoku, inakuta 1, inaridhika, kisha inaandika 0. Kati ya kusoma na kuandika, oda ya pili nayo imeshasoma 1. Dawa yake ni kuiachia hifadhidata ikague na kupunguza kwa amri moja:

UPDATE bidhaa SET stoku = stoku - 1 WHERE id = 14 AND stoku >= 1;

Baada ya hapo uliza ni mistari mingapi imebadilika. Ikiwa 1, mteja amepata mzigo. Ikiwa 0, gunia limekwisha na oda isiendelee. Programu za hifadhidata za PostgreSQL, MySQL na MariaDB zote zinaimudu kazi hii, kwa sababu amri ya pili husubiri ya kwanza imalizike, halafu sharti linakaguliwa upya. Kwenye MySQL hakikisha jedwali ni la aina ya InnoDB. Ndiyo aina ya kawaida tangu toleo la 5.5, ila majedwali ya zamani yaliyohamishwa kutoka seva hadi seva bado hukutwa yakiwa MyISAM, ambayo haina miamala kabisa, yaani uwezo wa kufanya hatua kadhaa zikamilike zote au zifutwe zote. Oda ikikatikia njiani, nusu yake inabaki imeandikwa.

Oda yenye bidhaa kadhaa ina mtego mwingine. Oda moja imeshika mchele na inasubiri maharage. Nyingine imeshika maharage na inasubiri mchele. Hapo hifadhidata inalazimika kuivunja mojawapo. Zipange bidhaa za kila oda kwa namba ya id kabla ya kupunguza stoku, na mkwamo wa namna hiyo hautatokea.

Wengi wanaovutiwa na MongoDB, hifadhidata inayotunza hati badala ya majedwali, husema bidhaa zao hazifanani: mchele una daraja na mwaka wa mavuno, kikapu cha Iringa kina rangi na kipenyo, mbao za Mafinga zina unene na urefu. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini PostgreSQL ina safu ya aina ya JSONB, inayopokea orodha ya sifa zozote, tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014. Sifa zinazotofautiana ziweke humo; bei, stoku na jina vibaki kwenye safu za kawaida. MongoDB nayo imepata miamala ya hati nyingi tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018, lakini inataka seva iwe imepangwa kama kundi la nakala (replica set), na huo ni mzigo usio wa lazima kwa duka linaloanza.

Basi msimamo wangu ni huu: ukikodi seva yako mwenyewe, chukua PostgreSQL. Ukiwa kwenye seva ya pamoja ya bei nafuu yenye cPanel (paneli ya kuisimamia kupitia kivinjari), tumia MySQL au MariaDB iliyopo bila kujisikia mnyonge. SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, inafaa kujifunzia na hata kwa duka la oda chache, kwa kuwa huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati. Angalizo ni kwamba baadhi ya huduma za seva hufuta diski kila unapopandisha toleo jipya, na faili lako la SQLite linaondoka nalo.

Sasa malipo, ambako ndiko pesa hupotelea. Mteja akichagua kulipa kwa simu, ombi linatokea kwenye simu yake, anaweka namba ya siri, kisha mtandao unatuma taarifa kwenye seva yako. Katikati hapo zinaweza kupita sekunde 10 au dakika 10, au mteja akaghairi kimyakimya. Usiache muamala wa hifadhidata wazi ukimsubiri. Utafunga mistari na duka zima litaganda. Punguza stoku, andika oda kwa hali ya "inasubiri malipo" pamoja na muda wa kuisha, tuseme dakika 15, kisha funga muamala. Kazi ya nyuma, yaani programu inayojiendesha yenyewe kwenye seva, ipite kila dakika kurudisha stoku za oda zilizopitwa na muda.

Taarifa ileile ya malipo inaweza kuja mara mbili, kwa hiyo safu ya kumbukumbu namba ya malipo iwe na sharti la upekee ndani ya hifadhidata yenyewe. Ukitegemea msimbo peke yake, ipo siku taarifa mbili zitapishana kama wale wateja wawili wa gunia. Kagua kiasi kilicholipwa dhidi ya jumla ya oda. Usiweke oda kuwa "imelipwa" kwa sababu tu simu ya mteja imefika kwenye ukurasa wa asante, maana ukurasa huo mtu anaweza kuufungua bila kulipa hata shilingi. Taarifa isipofika, seva yako iulize hali ya muamala. Ikifika baada ya dakika 15 na stoku imeshachukuliwa na mwingine, oda iingie kwenye orodha ya mtu kuamua: kurudisha pesa au kuleta mzigo mwingine. Hali hiyo ipe jina lake kwenye jedwali tangu siku ya kwanza.

Shilingi zihifadhi kama namba nzima, kamwe si namba za desimali zinazoelea, kwa sababu kompyuta haiwezi kuwakilisha 0.1 kwa usahihi na makosa madogo hujikusanya kwenye jumla. INT ya kawaida huishia 2,147,483,647, ambayo kwa shilingi ni bilioni mbili na kidogo. Inatosha kwa oda moja, lakini kwa jumla za mwaka tumia BIGINT. Uzito uuhifadhi kwa gramu. Bei ya siku ya mauzo inakiliwe kwenye mstari wa oda, la sivyo bei ya viazi ikipanda mwezi ujao, risiti zote za zamani nazo zitabadilika.

Namba ya simu ni maandishi. Ukiihifadhi kama namba, sifuri ya mbele inapotea. Zibadilishe zote ziwe tarakimu 12 zinazoanza na 255 kabla ya kuhifadhi. Tena weka namba mbili, ya mlipaji na ya mpokeaji, kwa kuwa mara nyingi kaka aliyeko Dar ndiye anayelipa na mama aliyeko Tukuyu ndiye anayepokea. Anwani iwe na mkoa, eneo, alama ya karibu, na nafasi ya kuandika basi au stendi ya kupokelea. Ukiandika fomu inayodai mtaa na namba ya nyumba, wateja watajaza nukta tu. Kumbuka pia kwamba taarifa hizi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo usikusanye usichokihitaji.

Utafutaji una jambo ambalo miongozo ya kigeni haitakuambia. PostgreSQL haina kanuni za Kiswahili za kutambua shina la neno, hivyo haijui kuwa kikapu na vikapu ni kitu kimoja. Nyongeza ya pg_trgm inasaidia, kwani hulinganisha vipande vya herufi tatutatu. Kikapu na vikapu hupata alama 0.4 (1 ni kufanana kabisa), juu ya kizingiti cha kawaida cha 0.3. Lakini linganisha "kikapu" na jina zima "vikapu vya Iringa", alama zinashuka hadi 0.2 na bidhaa haionekani. Tumia word_similarity: inatoa kama 0.57, ila kizingiti chake cha kawaida ni 0.6, kwa hiyo kishushe hadi 0.5. Kwenye MySQL ongeza safu ya maneno ya utafutaji na muuzaji aandike umoja na wingi mwenyewe: parachichi, maparachichi.

Kuhusu fremuweki, yaani kiunzi cha msimbo ambacho duka hujengwa juu yake, swali la maana ni nani atakayekuja kulitengeneza duka likiharibika msimu wa mavuno. Ulizia hapo mjini kwanza, vijana wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) wakiwemo. Kama hakuna mtaalamu wa msimbo na bidhaa hazizidi mia mbili, WooCommerce, plagini ya duka ya WordPress, inatosha. Weka plagini chache, na kabla ya kuchagua ile ya malipo, angalia ilisasishwa lini.

Mwenye fundi wa PHP achukue Laravel. Inakaa vizuri kwenye cPanel, na kazi za nyuma zinaendeshwa na kroni (ratiba ya seva ya kuanzisha kazi) ya kila dakika. Kosa la kawaida ni kumwaga folda nzima ndani ya public_html, na faili la .env lenye nywila za hifadhidata likasomeka na yeyote. Kinachopaswa kuonekana ni folda ya public tu. Hakikisha pia APP_DEBUG, inayoonyesha undani wa makosa, imezimwa.

Mwenye fundi wa Python achukue Django. Inakuja na ukurasa wa usimamizi tayari, hivyo karani anaanza kuingiza bidhaa na picha wiki ya kwanza, kabla hata duka halijachorwa. Chagua matoleo yanayodumu: 5.2 ya Aprili 2025 inapata marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028. Seva ya RAM ya GB 2 inaibeba pamoja na PostgreSQL bila taabu. Express, fremuweki ya Node (JavaScript ya upande wa seva), ni nyepesi mno kwa kazi hii, kwani kuingia, ruhusa, fomu na usimamizi utavijenga au kuviunganisha mwenyewe.

Saa zihifadhi kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu) na uzionyeshe kwa Africa/Dar_es_Salaam. Ripoti ya siku ikikatwa kwa UTC, mauzo ya tangu saa sita usiku hadi saa tisa alfajiri yataangukia jana.

Nakala ya hifadhidata itolewe kila usiku, kwa pg_dump au mysqldump yenye --single-transaction, na ihifadhiwe mbali na seva ya duka. Mara moja kwa mwezi irejeshe kwenye kompyuta nyingine, hesabu oda zilizomo hadi jana yake, kisha linganisha na risiti za malipo za siku hizohizo.