Nimpende, lakini funguo nisimpe?

SWALI: Shikamoo Mama. Mdogo wangu wa kiume alikaa kwangu miezi minane. Akaiba simu ya mume wangu, akaiuza, na nilipomuuliza akanitukana mbele ya wanangu. Siku hizi huja kila Jumapili jioni kuomba arudi. Naongea naye akiwa amesimama mlangoni, kiti simpi. Mchungaji wetu anasema Mkristo hupenda bila masharti. Mimi nikimwona tu, moyo unakuwa jiwe. Je, ni lazima nimrudishe? Na nikimtendea mema huku moyoni simtaki, si unafiki huo?
Dada Mkubwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama hapo kwenye kiti. Nitakirudia.

Kwanza funguo. Hapana, si lazima umrudishe. Tumeyachanganya maneno mpaka "bila masharti" imekuwa "bila mipaka". Kupenda bila masharti ni kutongoja mtu atengenee ndipo uanze kumpenda. Paulo anawaambia Warumi, sura ya 5, kwamba Kristo alitufia tungali wenye dhambi. Hakungoja. Lakini mtazame pia yule Msamaria wa Luka 10. Alimfunga majeruhi vidonda, akavitia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamuuguza usiku ule kwenye nyumba ya wageni. Siku ya pili akamwachia mwenye nyumba dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili hivi, akaahidi kulipa kilichozidi akirudi, akaenda zake. Hatusomi kwamba alimhamishia kwake.

Sasa hilo jiwe. Mimi nilikuwa karani wa hesabu miaka mingi, na ugonjwa wa kazi ile niliuleta nyumbani. Wifi yangu hakuja kumzika mama yangu. Nikachukua daftari la shule, kurasa za nyuma nikapiga mstari katikati: huku niliyomtendea, huku aliyonitendea. Alipojifungua pacha nikaenda kumfulia siku tatu. Watu wakanisifu. Niliporudi, kabla hata sijavua viatu, nikaandika: "Kufua, siku tatu." Ndipo nilipoona aibu. Nilikuwa nakopesha, tena kwa riba.

Paulo, katika 1 Wakorintho 13, anasema upendo "hauhesabu mabaya", na neno la Kigiriki alilotumia ni lilelile la watu wa mahesabu, la kuingiza deni kitabuni. Nami karani mzima nilikuwa nimelipita miaka yote hiyo! Na sura ile tunayopenda kuisoma harusini hakuwaandikia maharusi. Aliliandikia kanisa la Korintho, watu waliokuwa wakishtakiana mahakamani, na kwenye meza ya Bwana mmoja analewa huku mwenzake ana njaa. Watu kama wewe na mdogo wako. Na mimi na wifi.

Kuhusu unafiki, usijitese. Mnafiki hujifanya anapenda ili aonekane. Wewe unatenda mema huku ukimwambia Mungu waziwazi kwamba moyo haujafika. Corrie ten Boom, Mholanzi aliyefungwa na Wanazi wa Ujerumani katika kambi ya Ravensbrück na dada yake akafia humohumo mwaka 1944, amesimulia jinsi mwaka 1947, mjini Munich, aliyekuwa mlinzi wa kambi ile alivyomnyooshea mkono akiomba msamaha. Mkono wake ukagoma. Akaomba kimoyomoyo: mkono naweza kuunyoosha, hisia nipe Wewe. Akaunyoosha ungali baridi, na joto likaja mikono iliposhikana. Mimi kwa wifi lilichukua mwaka mzima, na bado kuna siku linapoa.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako bila kupaka mafuta: "Kulala hapa bado, kwa sababu ya simu na kwa sababu ya matusi yale mbele ya watoto. Lakini ukiumwa niite, ukitafuta kazi tutatafuta wote." Pesa taslimu usimpe kwa sasa. Na usimdai kwanza aokoke, wala aje kanisani, ndipo umsikilize. Hayo ndiyo masharti yenyewe.

Ila Jumapili hii, kabla hujasema lolote kati ya hayo, mtolee kiti. Maneno kama hayo mtu hasemeshwi akiwa wima mlangoni.