Maswali ya Wasomaji: Wastaafu Wanapotaka Kukutana

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ninaishi Shangani, Mtwara. Mwaka juzi sisi wastaafu wa mitaa ya jirani tulianzisha kikundi cha kuweka na kukopa, tukitumaini kwamba kitatupa pia nafasi ya kukutana. Wawili walishindwa kurejesha mikopo wakaacha kuja kwa aibu, wengine wakaacha kuja kwa hasira, na leo tunakwepana hata sokoni. Ninachokikosa si zile fedha bali wale watu. Je, tunaweza kuanza upya, na tuanzeje?
Mwalimu mstaafu, Shangani

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Mnaweza kuanza upya, ila msianze kabla hamjakifunga kile cha zamani. Daftari lisomwe mbele ya wanachama waliobaki, ijulikane nani anadai na nani anadaiwa, kisha mkubaliane ama muda mrefu wa kulipa kidogo kidogo, ama kusamehe. Wale wawili wasiitwe kikaoni. Waendewe nyumbani na watu wawili wanaowaheshimu, na safari ya kwanza iwe ya kuwajulia hali tu, bila daftari mkononi. Habari ya deni ingojee siku nyingine.

Vikundi vya hisa ni vizuri, na huku kusini tumevizoea, pamoja na kile kisanduku chenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti ili asiwepo awezaye kukifungua peke yake. Hata hivyo kanuni zake zote zimejengwa juu ya urejeshaji: asiyelipa lazima afuatwe, atozwe faini, atajwe mbele ya wenzake. Mzee wa miaka 65 aliyeuguliwa na mkewe, ambaye pensheni ya miezi kadhaa imeishia kwenye nauli na dawa, huwa anawahitaji wenzake kuliko wakati mwingine wowote, na ndiye huyo huyo ambaye kanuni hizo humsukuma nje. Ndiyo maana nashauri kwa nguvu kwamba kukutana na kukopeshana viwe vitu viwili, vyenye siku mbili na madaftari mawili. Anayetaka hisa ajiunge na kikundi cha hisa kilichosajiliwa, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi vya kijamii vinavyoweka na kukopeshana visajiliwe, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu atawaelekeza namna ya kufanya hivyo katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Huyo huyo, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, apewe taarifa za kikundi chenu cha kukutana, hata kama hakitashika fedha.

Mfuko mmoja tu ningeuacha, nao ni wa kuuguzana na kuzikana, kwa sababu mtu hapewi mkopo humo bali hupewa mkono wa pole. Hapa mtakutana na jambo ambalo vikundi vingi vya wastaafu hulisahau. Mstaafu wa serikali hupata pensheni kila mwezi, lakini jirani yake aliyelima korosho maisha yake yote hupata fedha msimu wa minada, kuanzia Oktoba na kuendelea, tena baada ya kusubiri malipo kupitia chama chake cha msingi. Mkiweka mchango wa kila mwezi, mkulima ataonekana mdaiwa miezi mingi ya mwaka ilhali si mdaiwa wa mtu. Mruhusuni atoe mchango wa mwaka mzima mara moja baada ya mauzo, na mvuvi atoe kadiri bahari inavyompa, mradi kiasi cha mwaka kiwe sawa kwa wote na kiwe kidogo kiasi cha kumuwezesha aliye chini kabisa.

Kwa hiyo tayari nimeshasema kwamba wasio na pensheni waalikwe, na sioni njia nyingine iliyo ya haki. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kwa kutimiza miaka 60, awe aliajiriwa au alitupa nyavu. Upweke wa aliyeachwa na wavuvi wenzake ufukweni si mdogo kuliko wa aliyerudisha funguo za ofisi.

Mahali pa kukutana pasiwe nyumbani kwa wanachama kwa zamu. Najua desturi yetu ya ukarimu, na najua jinsi inavyoanza kwa chai na maandazi, ikafika kwenye pilau, hadi mjane asiye na uwezo anaposingizia ugonjwa zamu yake inapokaribia. Ombeni darasa siku ya Jumamosi, au ofisi ya mtaa, au kaeni chini ya mwembe, na kinywaji kiwe kahawa na kashata siku zote. Akina mama wakialikwa waje kukaa, si kuchemsha kahawa. Nalisema hili kwa sababu nimeona vikao ambako mwalimu mkuu mstaafu alikuwa jikoni huku waliokuwa chini yake wakicheza bao barazani, na hakuna aliyeona ajabu.

Bao liwepo bila shaka, na mazungumzo, na siku ya wajukuu kuja kusikiliza hadithi. Pamoja na hayo wekeni matembezi ya alfajiri ufukweni Shangani kabla jua halijawa kali. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima, wakiwemo waliovuka miaka 65, angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa wazee linaongeza mazoezi ya kuimarisha mwendo na mizani ya mwili siku tatu au zaidi, ambayo husaidia kuzuia kuanguka. Kutembea kwa nusu saa siku tano kunatimiza zile dakika, na watu wakitembea pamoja hawaachi mapema. Ombeni pia mhudumu wa zahanati awapime shinikizo la damu mara kwa mara, na wakati wa uhakiki wa wastaafu mwenye simu nzuri na macho mazuri amsaidie asiye navyo, bila kuchukua namba ya siri ya mtu yeyote.

Kanuni moja tu ndiyo ningetaka iandikwe kwa wino: asiyeonekana mara mbili mfululizo aendewe. Wagaweni wanachama kwa majirani, kila mmoja ajue anamwangalia nani. Wakati wa palizi na msimu wa korosho wengi watakuwa shambani na hilo si kosa. Mwezi wa Ramadhani sogezeni muda. Lakini mtu asipotee bila kuulizwa. Mjane anayetoka eda, ile miezi minne na siku kumi, mara nyingi hukuta wageni wa msibani wameshatawanyika, na hapo ndipo anapohitaji kugongewa mlango na watu wanaomwambia kwamba kesho kuna matembezi na nafasi yake ipo.

SWALI: Sisi ni wazee tunaokutana kila wiki hapa Lindi. Tumesikia kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Je, kikundi cha wazee kinaweza kuomba?
Mzee, Mtanda, Lindi

JIBU: Mikopo hiyo hutoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri na imegawanywa hivi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawakutengewa fungu lao. Akina mama miongoni mwenu wanaweza kuunda kikundi chao wakaomba katika fungu la wanawake, na wenye ulemavu vivyo hivyo, kwa kufuata masharti watakayopewa na Afisa Maendeleo ya Jamii. Kwamba wazee wenyewe wangestahili kutajwa ni hoja ya kupelekwa kwenye baraza la wazee la kata yenu, ambalo kazi yake ni kuzifikisha sauti zenu serikalini, na naomba msichoke kuipeleka.

SWALI: Mume wangu alipatwa na kiharusi mara tu baada ya kustaafu. Namgeuza, namwogesha, namlisha. Watoto wapo Dar es Salaam na hutuma fedha. Watu wanaokuja kumwona huniambia nivumilie. Sipendi kulalamika, lakini nachoka hadi nalia usiku. Je, kuna kikundi cha watu wa namna yangu?
Mama, Mikindani

JIBU: Pole sana, mama yangu. Kusema kwamba umechoka si kulalamika, wala hakupunguzi uvumilivu wako. Watu wa namna yako wapo, ila wamefichika majumbani mwao kama wewe. Mahali rahisi pa kuwapata ni kliniki: siku ya shinikizo la damu na kisukari, au siku ya mazoezi ya viungo katika Hospitali ya Ligula, tazama nani amemleta mgonjwa akiwa amemshika mkono. Mwombe muuguzi au afisa ustawi wa jamii awakutanishe.

Watu watano hadi wanane wanatosha, mara mbili kwa mwezi, kwa saa moja. Kila mmoja aseme yake bila kukatizwa, yasemwayo yabaki humo, na asiulizwe mtu kwa nini hakufanya hivi au vile. Mtu yeyote asiruhusiwe kuuza dawa au kutangaza mganga, kwa sababu wauguzaji waliokata tamaa ni windo rahisi. Mnaweza pia kufundishana mambo ya kazi hiyo, kwa mfano namna ya kumgeuza mgonjwa asiyejiweza kila baada ya saa mbili ili kuepuka vidonda vya mgandamizo bila mgongo wako kuumia. Kisha, na hili ndilo kubwa kuliko yote, pangeni zamu ya kushikiana: jirani au mwanakikundi mmoja akae na mgonjwa wako wakati wewe umo kikaoni, nawe umfanyie hivyo wiki nyingine. Kikundi cha wauguzaji kisicho na zamu hiyo hufa, kwa kuwa hakuna awezaye kutoka nyumbani.

Waandikie watoto kwamba fedha zimefika na shukrani ziko palepale, lakini sasa unaomba mmoja wao aje akae wiki mbili ili ulale. Taja tarehe. Na iwapo usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, au chakula hakipiti, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, usisubiri kikundi kiundwe. Mwambie leo hii mtu wa nyumbani unayemwamini, asikuache peke yako, na akupeleke hospitali mkamweleze daktari habari zako wewe, si za mgonjwa.