Niwawekee wanyama chumvi kabla ya msimu?

SWALI: Shikamoo mzee. Mtoto wa baba yangu mkubwa anaishi Michigan, Marekani. Kanitumia video ya kishamba alichowalimia kulungu: kapanda klova, majani ya malisho, kafunga na kamera mtini, anasubiri msimu ufunguliwe. Mimi nimeomba leseni ya kuwinda mwaka huu. Nataka nikaandae sehemu porini kwetu, nimwage chumvi ya mawe na mahindi, nichome nyasi kidogo ziote changa. Nianze lini?
Msomaji, Urambo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usianze kabisa. Chumvi hiyo wape ng'ombe.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inakataza kuwinda kwa chambo na kwa moto. Tena, ukiacha kiboko, fisi maji, nzohe (swala wa majini) na ndege, huruhusiwi kumwinda mnyama ndani ya mita 500 kutoka kwenye maji ya kudumu au mahali wanapolamba chumvi. Kwa hiyo hata chumvi ya asili ukiikuta, si pa kuvizia.

Mimi mtoto wa mrina asali, nimekulia Sikonge, na sheria hii naiunga mkono kwa moyo wote. Nenda ukaone penye chumvi kiangazi kikikolea. Kichuguu kimelambwa mpaka kimebonyea ubavuni, udongo una mifereji ya ndimi, na chini kwato za pofu zimepandana na za palahala, katikati yake vikwato vya ndama. Chumvi wanaihitaji, watakuja tu hata kama wanaogopa. Kumpiga mnyama pale ni sawa na kumvizia mtu kisimani.

Ndugu yako hajakosea. Kulungu wa kule, wale wa mkia mweupe, wanaishi hata kandokando ya mashamba na nyumba za watu, na kupanda klova ni kilimo kama kilimo kingine. Kumwaga mahindi ndiko kwenye shida hata kwao: mwaka 2019 Michigan ilipiga marufuku chambo katika sehemu yake ya kusini. Kuna ugonjwa unaowakondesha kulungu mpaka wanakufa, hauna tiba, na huenea kwa mate. Rundo moja la mahindi hukusanya midomo mingi.

Wewe maandalizi yako ni kutembea. Mvua zikishaisha, tope la mbuga linapoanza kukauka, nyayo hubaki wazi. Gusa ukingo wa unyayo kwa kidole: wa leo una makali, wa zamani umelainika, na mara nyingi wadudu wameshapita juu yake. Angalia pia upepo. Kiangazi chetu kwa kawaida unatoka kusini-mashariki, lakini bondeni asubuhi hugeuka. Tia majivu laini kwenye soksi kuukuu, itikise, uone yanakokwenda. Yakielekea kule unakotazama, zunguka. Harufu yako imeshatangulia.

Kabla ya yote, pita ofisi ya wanyamapori ya wilaya, wakuoneshe mipaka. Ugalla, walikorina asali baba zetu, sehemu yake ni Hifadhi ya Taifa tangu 2019, na humo hakuna uwindaji wa aina yoyote. Bunduki iache nyumbani mpaka leseni iwe mkononi. Ukikutwa nayo porini kabla ya hapo, kusema ulikuwa unaangalia nyayo hakutakusaidia.