Marangu siku tano? Mkuu, kwanza uliza usiku wa tatu mnalala wapi

Mkuu, usilipe hiyo hela. Unasema wewe na wenzako wa ofisini mmepata Kilimanjaro njia ya Marangu, siku tano, Desemba, kwa bei ya kutupa. Unauliza habari za viatu, bahshishi za wapagazi, na kama mpitie Lushoto kwanza kujifua. Ngoja nianze na hizo siku tano.

Mimi niliuziwa hizo hizo. Jamaa wa Moshi, shati limenyooka, simu mbili mezani, akaniambia bila hata kupepesa: "Siku ya sita ni ya Wazungu. Wewe mlima ni wako." Kichwa kikavimba. Eti mwenyeji! Mtoto wa Temeke, mwinuko mkubwa niliouzoea ni ngazi za ghorofa Kariakoo lifti ikiharibika. Nikaokoa hela ya siku moja, nikapoteza ya safari nzima.

Piga hesabu mwenyewe. Geti la Marangu liko chini ya mita 2,000. Usiku wa kwanza kambi ya Mandara, mita 2,700 hivi. Wa pili Horombo, 3,720, na hapo bado unacheka na kujipiga picha. Ratiba ya siku tano inakung'oa Horombo asubuhi ya tatu na kukupeleka kambi ya Kibo, mita 4,700 na kitu. Hiyo ni karibu mita elfu moja kwa siku, wakati madaktari wa mambo ya milima wanashauri ukishavuka 3,000 mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku. Na Kibo kwenyewe hulali. Kwenye saa sita usiku unaamshwa ili kupanda karibu mita 1,200 nyingine gizani, kwenye changarawe inayokurudisha nyuma, kuelekea 5,895 ambako kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani.

Wa siku sita siku ya tatu wanabaki Horombo. Wanatembea hadi Zebra Rocks, karibu mita 4,000, kisha wanashuka kulala pale pale. Ndiyo hiyo "siku ya Wazungu". Mwili unapata nafasi ya kuizoea hewa, basi.

Mimi hata pango la Hans Meyer, lililo kati ya Kibo na kilele, sikulifikia. Kichwa kinapasuka, natapika, jina la mwenzangu limenitoka. Muongozaji akaniambia nitembee mstari mmoja, kisigino kiguse kidole, nikayumba kama mlevi wa Krismasi. Akasema tunashuka. Nikamtukana, Mungu anisamehe, nikamwambia nimelipa. Akanishika mkono akanigeuza. Katika kampuni nzima ni yeye tu aliyeifanyia kazi hela yangu. Kufika Horombo njaa imerudi, nakula ugali wa wagumu, yaani wapagazi, kama niliubeba mimi. Sikumeza dawa yoyote, ni kule kushuka tu. Alexander Nyirenda alipeleka Mwenge kileleni Desemba 1961. Mimi nilipeleka matapishi, nayo hayakufika.

Na msiniletee habari za mazoezi. Mwenzetu wa kunyanyua vyuma aligeuza kabla yangu. Dada wa uhasibu, ambaye hakimbii hata daladala, akafika Gilman's Point, juu kwenye ukingo wa kreta. Misuli haikuonyeshi nani ataizoea hewa ile na nani hataizoea.

Nilipompigia yule muuzaji akanijibu kwamba "sikujiandaa kisaikolojia". Kisaikolojia! Damu imekosa oksijeni, wewe unaniletea saikolojia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba tozo za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni ndogo mno ukilinganisha na za wageni, kwa hiyo siku ya nyongeza ni nafuu kwetu kuliko kwa hao Wazungu wake. Alikuwa ananihurumia mfuko kwa kitu ambacho kwangu ndicho rahisi!

Lushoto nendeni, kuzuri na kimya, muongozaji wa kule awapitishe msitu wa Magamba hadi Mtae. Miguu itakomaa. Ila huko ni mita elfu mbili hivi, mwili hautajifunza lolote kuhusu Kibo. Mkitaka mlima usio na msongamano na unaoandaa kweli, pandeni Meru. Mnalala Saddle Hut, juu ya mita 3,500, kilele kinapita 4,500, na mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Nyati angalau unamwona anakuja.

Sasa mpigie huyo anayewauzia, muulize: usiku wa tatu tunalala wapi? Akisema Kibo, kata simu. Akisema Horombo, mwambie aandike kwenye stakabadhi, maana wa kwangu naye kwa mdomo alikuwa hodari.

Viatu wengine watakujibu, vyangu havikuwa na shida yoyote. Weka hiyo ratiba hapa tuione kabla hujatuma hela.