Barua kwa mwanangu: je, tulilizwa?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema mwenzenu wa zamu anataka kutembea ili achangishe fedha za hospitali, karatasi ya ahadi ikapitishwa mezani wakati wa chai, na mmoja wenu akacheka: "Haya, Kapteni Tom mwingine huyo. Safari hii bwawa litajengwa wapi?" Ndipo ukaniuliza: "Mama, wewe ndiye uliyenitumia ile video yake mwaka 2020. Ulilia. Kwani tulilizwa?"

Neno umelipatia, maana kulizwa kuna kutokwa machozi na kuna kuibiwa. La machozi nalikubali. Hilo la pili ndilo limenikalisha kuandika.

Kumbuka siku zenyewe. Uingereza ilifungwa tarehe 23 Machi. Ulikuwa unanipigia ukiwa kituo cha basi, alfajiri, ukitoka zamu, unasema "niko salama" kabla sijakuuliza, na mimi najua mtu anayewahi kusema hivyo ana lake moyoni. Tarehe 6 Aprili usiku tukasikia waziri mkuu mwenyewe, Boris Johnson, amehamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Nikajisemea, ikiwa mkubwa wa nchi yuko kule, mwanangu mimi anakingwa na nini?

Na siku hiyo hiyo, katika kijiji cha Marston Moretaine, Bedfordshire, mzee mmoja alikuwa ameanza kutembea kwenye ua wa nyumba yake. Ndiye huyo Kapteni Tom: Tom Moore, mwanajeshi wa zamani, mzaliwa wa Keighley kule Yorkshire, tarehe 30 Aprili 1920. Alibakiza wiki tatu na siku kadhaa atimize miaka mia. Mwaka 2018 alikuwa amevunjika nyonga, akatibiwa na NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, na sasa alitaka kuwarudishia fadhila wauguzi na madaktari. Mpango wake ulikuwa mizunguko 100 kabla ya siku ya kuzaliwa, kila mmoja mita 25. Lengo: pauni 1,000.

Piga hesabu. Mita 25 mara 100 ni kilomita mbili na nusu. Mtoto wa shule anazimaliza asubuhi moja na bado anafika darasani akisukumana na wenzake. Kwa hiyo usiniambie nilivutiwa na ushujaa. Kilichonishika ni pale mwisho wa njia, alipotakiwa kugeuka. Unakijua kile kigari cha kushikilia wanachopewa wazee, wewe unawafundisha kukitumia kila siku. Kwenda mbele si tabu. Tabu ni kugeuka: kigari unakisogeza kidogo, mguu mmoja unafuata, unatulia, unakisogeza tena, mguu wa pili. Mimi mwenye magoti haya nilikuwa nageuka naye hapa kwenye kiti. Kisha anainua uso na kuanza tena mita zake 25, tai imekaa sawa shingoni.

Alimaliza tarehe 16 Aprili, amevaa koti lenye nishani, wanajeshi wa Kikosi cha Yorkshire wamesimama pande mbili kwa kuachana nafasi kama amri ya wakati ule ilivyotaka. Mzunguko wa mwisho ulikwisha lakini watu hawakuacha kutoa. Hadi siku yake ya kuzaliwa waliotoa walikuwa wamepita milioni moja na nusu, na fedha zimefika pauni milioni 32 na ushei. Ukiongeza ile kodi ambayo serikali ya huko hurudisha kwa mashirika ya hisani, peni 25 kwa kila pauni ya mlipakodi anayejaza fomu, jumla ikawa karibu milioni 39. Kadi za pongezi zilizidi laki moja, ikabidi zipangwe kwenye ukumbi wa shule ya mjukuu wake. Akaimba pia, na wimbo ukashika namba moja nchini humo, yeye akiwa mtu mzee kuliko wote waliowahi kufika pale. Julai malkia akamtunuku cheo cha kuitwa "Sir" kwenye kasri la Windsor, kwa upanga uliokuwa wa baba yake malkia.

(Na kwa kuwa ni mama yako, sitapita bila kusema: mzee huyu vita vya pili vilimfikisha Burma. Burma hiyo ndiyo walikopelekwa vijana wetu wa Keya, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, waliosukumana na Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Kina babu hao nani aliwapelekea hata kadi moja? Basi, nimelitoa.)

Sasa hilo la bwawa. Mwenzako hakulitunga. Jina la mzee lilipokuwa kubwa, familia ilianzisha mfuko mwingine kabisa, wenye jina lake. Yeye alifariki tarehe 2 Februari 2021, akiwa na Korona. Mwaka 2022 tume inayosimamia mashirika ya hisani ikafungua uchunguzi rasmi juu ya mfuko huo, na ripoti iliyotoka Novemba 2024 ilikuwa chungu. Fedha za mkataba wa vitabu, karibu pauni milioni moja na nusu, ziliingia kwenye kampuni ya familia, hali watu walikuwa wameaminishwa kwamba mfuko nao ungepata fungu. Jengo lililoombewa kibali kwa jina la mfuko likaota bwawa la maji moto, halmashauri ikaamuru livunjwe, likavunjwa. Binti yake mzee na mkwewe walizuiwa kuwa wadhamini wa shirika lolote la hisani kwa miaka kadhaa. Wenyewe walisema wameonewa. Mimi nimeamini ripoti.

Lakini sikiliza hapa, maana ndipo mwenzako alipochanganya mafungu. Zile milioni 39 hazikupita kwenye mfuko wa familia. Zilikwenda NHS Charities Together, muungano wa mashirika ya hisani ya hospitali, na uchunguzi haukuzigusa. Fedha za muungano ule zilinunua vyakula vya watu wa zamu, zikatengeneza vyumba vya kupumzikia, zikaleta tableti ili mgonjwa aliyezuiwa wageni aone nyuso za wanawe, zikalipia ushauri nasaha kwa wauguzi waliochoka roho. Kilichoharibika kilikuja baada ya sifa, kwenye chungu kingine.

Kwa hiyo hapana, mwanangu, ile ya Aprili hatukulizwa. Ila nakiri kosa moja, nami nimo: tulimfanya mzee kuwa nembo. Mtu akishakuwa nembo, wapo watakaoitumia kwa faida yao. Angebaki mzee wa nyonga mbovu anayezunguka uani kwake, pengine hakuna ambaye angewaza bwawa.

Halafu mbona hakuna anayemtaja Mzee Dabirul Islam Choudhury? Naye alikuwa na miaka 100, mzaliwa wa upande wa Bangladesh, mkazi wa St Albans. Alimwona Tom, naye akaanza kuzunguka bustani ya pale alipokuwa akiishi. Ilikuwa Ramadhani, na alikuwa amefunga. Mwezi ukaisha, yeye akaendelea. Alifika mizunguko 970, na zaidi ya pauni laki nne zikapatikana kwa waathirika wa Korona. Tumaini nililoliona mwaka ule lilikuwa hilo la mzee mmoja kumwona mwenzake akigeuka mwisho wa njia, akasema hata mimi naweza. Hilo tume haina pa kulichunguza.

Kuhusu karatasi ya ahadi, andika jina lako. Kwanza muulize mwenzenu maswali mawili, kwa upole na mbele ya huyo anayecheka: fedha zinaingia akaunti ya nani, na namba ya usajili wa shirika ni ipi? Namba ukipewa, itafute kwenye daftari la tume, lipo wazi kwa kila mtu, na hesabu zao zimo. Akikasirika kwa kuulizwa, weka kalamu chini. Asipokasirika, toa unachoweza, hata kama ni nauli ya siku moja.

Kisha siku ya matembezi usimwache atembee peke yake, hata kama umetoka zamu ya usiku. Simama pale anapogeukia. Mbele atakwenda mwenyewe.

Magoti yangu leo nafuu. Nipigie Jumapili, na usianze na "niko salama".

Mama yako